Maswali ya wasomaji: Mtaa wetu unataka mpango wake wenyewe, tuanzie wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo linalofanana, watu wamechoka kusubiri kupangiwa, wanataka kukaa wenyewe wapange mtaa wao. Nimechagua tano, nyingine ndefu nimezipunguza kidogo, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama mkazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, mtaa wetu ulikuwa mashamba tu miaka ya nyuma sasa hivi nyumba zimebanana. Mvua ikinyesha bonde linajaa watoto hawavuki kwenda shule, bomba la maji limeishia barabara kubwa, na kila mwaka tunaitwa mkutanoni tunaulizwa vipaumbele, tunataja shule, zahanati, barabara, maji, umeme, soko, kituo cha polisi, vinaandikwa, basi imeisha hiyo mpaka mwakani tena. Sasa tuko kama watu kumi hivi kwenye grupu la WhatsApp tumesema tutengeneze mpango wa maendeleo wa mtaa sisi wenyewe. Je inaruhusiwa? Na tunaanzia wapi? — Mama wa Bondeni

JIBU: Nzuri mama, na hongereni sana nyie kumi. Kuruhusiwa mnaruhusiwa tena sana tu. Katiba ya nchi ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, kwahiyo mtu asiwatishe kwamba mnafanya siasa au mnapindua uongozi. Na serikali yenyewe ina utaratibu wake wa kupanga kuanzia chini, unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, umeanza kutumika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadaye ukaboreshwa kwa sababu ya tatizo hilohilo unalolisema wewe, yaani mikutano ilikuwa inazaa orodha ndefu ya matamanio ambayo hakuna bajeti ya kuibeba. Ule ulioboreshwa unaanza na swali tofauti, wananchi nyie wenyewe mnaweza kufanya nini, halafu halmashauri iunge mkono juhudi ambayo tayari inaonekana. Shika hapo, maana ndo mpango wenu utasimama au utaanguka.

Jambo la kwanza kabisa, watu kumi wa grupu sio mtaa. Chombo chenye nguvu ni mkutano mkuu wa mtaa, ule wa wakazi wote wenye umri wa kuanzia miaka 18, na chini yake kuna mwenyekiti na kamati yake pamoja na mtendaji ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Mnaweza kuandika mpango mzuri kweli mkauchapa kwa rangi mkaweka na picha, kama haukupita kwenye mkutano ule na haupo kwenye muhtasari wenye sahihi na muhuri, huko juu utaonekana ni maoni ya kikundi. Kwahiyo kabla hamjafanya chochote nendeni watu watatu wanne kwa mwenyekiti, mwambieni tunataka kukusaidia kazi, ombeni mkutano uteue kamati ndogo ya mpango, ndani wawemo kina mama, vijana, mtu mwenye ulemavu, mpangaji, mwenye duka, na mtu wa bondeni. Huyo wa bondeni msimuache hata kidogo, mara nyingi wanaokaa sehemu mbaya ndo hawapo kwenye kamati, wanasemewa na watu wa mlimani.

Jambo la pili, msianze na orodha ya mahitaji. Anzeni kuhesabu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mipango mingi ya mitaa na tofauti kati ya ule unaosikilizwa na ule unaowekwa kabatini karibu kila mara ni namba. Ukienda kwa mhandisi ukamwambia "tuna shida ya maji" atakujibu pole, kila mtaa una shida ya maji. Ukimwambia tuna kaya kadhaa, kati ya hizo hizi zinanunua kwa ndoo kwa bei hii, bomba la mwisho liko mita kadhaa kutoka hapa, na watu kadhaa wako tayari kulipia kuunganishwa na majina yao haya hapa, hapo inabidi achukue kalamu.

Mnahesabuje sasa? Jumamosi asubuhi kutaneni uwanjani, tafuta sehemu yenye mchanga laini, chukueni kijiti mchore barabara kubwa, mto, msikiti, kanisa, shule, halafu kila mtu anaweka kitu chake, vizibo vya soda ni mabomba, mawe ni vyoo vya jumuiya, majani ni sehemu maji yanaposimama. Waacheni wabishane. Utaona bibi mmoja anatoka nyuma anasema hapana, maji hayapiti hapo siku hizi, tangu fulani ajenge ukuta yanazunguka huku, na hilo hakuna mtaalam angelijua kwa kuangalia picha ya setilaiti. Mkimaliza piga picha, hamishieni kwenye karatasi kubwa. Alafu mnatembea mtaa mzima kwa miguu na hiyo karatasi, kwenye kila nyumba iliyowahi kuingia maji muulizeni mwenyewe yalifika wapi ukutani, mara nyingi alama ya tope ipo bado, pimeni kwa futi kamba kutoka chini andikeni. Ukizunguka bonde zima hivyo una ramani ya mafuriko.

Hii sio ndoto mama, hapohapo Dar imefanyika. Tandale walichorewa ramani mwaka 2011, na kuanzia 2015 kukawa na mradi wa Ramani Huria ambapo wanafunzi wa vyuo kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani na wakazi wakachora majengo, mitaro na maeneo yanayojaa maji kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure kabisa ambayo mtu yeyote anaifungua kwenye simu. Kwahiyo kabla hamjaanza kuchora upya angalieni, inawezekana kabisa mtaa wenu upo tayari na kazi yenu ni kuongeza kilichobadilika. Wajumbe wa mashina watumieni kwenye kuhesabu hata kama wapo wanaosema hao ni watu wa chama, nyumba kwa nyumba wanazijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa mkishakuwa na ramani na namba ndo muitishe mkutano wa vipaumbele, na hapo muwe wagumu, vitu vitatu, vikizidi vinne. Kila kimoja mkigawe: hiki kipande tunafanya wenyewe, hiki ni cha halmashauri, hiki ni cha taasisi nyingine. Watu wengi wanapigia kelele mlango usiohusika, wanamlaumu diwani kwa barabara wakati barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, maji kwenu huko ni DAWASA, nguzo ni TANESCO. Kwa barabara muulize kwanza kama imo kwenye mtandao wa barabara za TARURA, kama haimo basi ombi lenu la kwanza sio lami, ni kuingizwa humo.

Mwisho ni kalenda, na hapa ndo mitaa mingi inapotezea. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mpaka bajeti ifike bungeni kati ya Aprili na Juni ilishapita kwenye kata na baraza la madiwani miezi mingi nyuma. Mkipeleka mpango mwezi wa tano mmepeleka kwa mwaka mwingine. Hesabuni kurudi nyuma, kuchora na kuhesabu mfanye kiangazi, Oktoba muwe mmepitisha kwenye mkutano wa mtaa, halafu mwenyekiti wenu aubebe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndo anaongoza na wenyeviti wa mitaa yote wanakaa humo. Ombeni nakala ya muhtasari wa hicho kikao pia. Ule wa mtaa uwe na tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria kwa majina na sahihi, hoja, na azimio lililoandikwa kwa maneno yanayopimika, sio "mtaa unaomba barabara iboreshwe" bali "kujenga kalavati moja kwenye njia ya kwenda shule pale maji yanapovuka, na mtaro kutoka hapo mpaka mtoni". Bakini na nakala zenu watu zaidi ya wawili, uongozi hubadilika kila baada ya miaka 5 na ofisi zinahama na makaratasi yanapotea.

SWALI: Mhariri shikamoo. Niko Mbeya, kijana wa miaka 24. Kwetu tulijaribu mpango kama huo, shida ni hela. Mwenyekiti anasema mtaa hauna bajeti, na wananchi hawataki kuchanga tena kwa sababu mchango wa mwisho haukusomwa mapato na matumizi mpaka leo. Bila hela mpango ni karatasi tu si ndio? — Kijana wa Uyole

JIBU: Marahaba kijana. Mwenyekiti wenu kwenye hilo la bajeti anasema kweli. Kijiji kisheria ni tofauti, kina halmashauri ya kijiji inayoweza kumiliki mali na kushtaki na kushtakiwa, mtaa hauna hadhi hiyo, hela kubwa inakaa halmashauri ya jiji au manispaa. Ndo maana mpango wenu usiwe wa kusubiri fungu la mtaa ambalo halipo, uwe wa kujua mafungu yako wapi na kila kipande cha kazi kiende kugonga kwenye fungu lake.

Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Sasa kama mpango wa mtaa unasema tunahitaji mifuniko ya mitaro na tofali, na kuna kikundi cha vijana waliosajiliwa wanaoweza kufyatua, wameomba mkopo kwa kazi hiyohiyo, unaona vitu viwili vimeshikana, vijana wanapata kazi na mtaa unapata mifuniko. Kuna Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake, fungu lake sio kubwa lakini kalavati moja au vyoo vya shule linaweza, na wanapenda kitu ambacho wananchi walishaanza. Na hicho cha kuanza ndo silaha yenu kubwa, we mwenyewe umeona madarasa mangapi nchi hii yameanza kama boma la wananchi, watu wanachanga mawe, mchanga na nguvu wanapandisha mpaka usawa wa lenta halafu halmashauri inakuja kupaua na kumalizia.

Kuhusu michango isiyosomwa, hapo sitawaambia wananchi wavumilie, wako sahihi kabisa kugoma. Kabla ya kuomba hata shilingi mia moja mpya, ule mchango wa zamani usomwe, kama vocha hazipo isemwe hazipo mbele ya mkutano na iandikwe kwenye muhtasari, kama kuna mtu ametafuna hatua zichukuliwe. Baada ya hapo anzeni na michango isiyoibika: siku ya kazi, lori la mchanga la mtu mwenye lori, fundi anayetoa Jumamosi yake. Hela taslimu ikija iandikwe kwenye ubao nje ya ofisi ya mtaa, aliyetoa, kiasi, imenunua nini, risiti imebandikwa pembeni. Sio kwenye grupu peke yake, maana kwenye grupu meseji zinapanda juu kesho haionekani, na wazee wengi hawamo.

Alafu usidharau nguvu ya wakazi kama mkandarasi. Hanna Nassif pale Kinondoni, miaka ya 1990, walikuwa na mafuriko kila masika mpaka ndani, ukaja mradi uliosaidiwa na ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, na wengine kuanzia 1994, na badala ya kuleta kampuni kutoka nje wakazi wenyewe waliunda chombo chao wakafundishwa, wanaume kwa wanawake wakachimba na kujenga mitaro na barabara za ndani wakilipwa ujira. Hela ya mradi ikabaki mtaani, na ufundi ukabaki kwa watu walewale waliotakiwa kuja kuutunza mtaro. Kwenye mpango wenu wekeni sharti hilo mapema, kwamba kazi zisizohitaji mitambo wapewe wakazi kwanza.

SWALI: Mi ni mpangaji tu hapa Arusha, nimepanga chumba na mke wangu mwaka wa pili. Wakiitisha mikutano ya mpango wa mtaa wenye nyumba wanatuambia nyie ni wa kupita hayawahusu. Tuna haki ya kuongea? — Mpangaji

JIBU: Mnayo. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi, sheria haijasema wenye hati. Kama unaishi hapo na umefikisha miaka 18 unaingia, unaongea na unapiga kura kama mwenye ghorofa. Jiandikishe tu kwenye rejesta ya wakazi kwa mtendaji ili asitokee mtu wa kukuuliza we nani. Na wenye nyumba nao wafikirie, kwenye mitaa mingi ya mjini wapangaji ndo wengi, wao ndo wanajua choo cha watu wengi kinavyojaa, wao ndo wanarudi usiku kwenye njia isiyo na taa. Mpango uliopangwa bila wao unaishia kuwa mpango wa mageti. Kitu kimoja nawaomba wapangaji pia, msiende mkutanoni mara moja mkanyamaza mkaondoka, chagueni mmoja aingie kwenye kamati.

SWALI: Ndugu mhariri, sisi wa Mwanza mlimani tulishaingia kwenye urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango. Kampuni ya upimaji ilikuja, tukatoa hela, vigingi vichache vikawekwa, kampuni ikapotea. Sasa kuna wazo la kuanza mpango mwingine wa mtaa. Tunaogopa kurudia yaleyale. Na kubwa kuliko yote ni barabara, hakuna anayekubali kukata ukuta wake. — Wakazi wa Mlimani

JIBU: Poleni sana ndugu zangu, na hamko peke yenu, malalamiko ya aina hii yapo mikoa mingi. Kwanza kufuatilia ile hela yenu hakuzuii mpango mpya, vifanyike pamoja: kusanyeni stakabadhi zote, mkataba, majina ya waliolipa na kiasi, muandike barua ya pamoja kwa mkurugenzi wa halmashauri nakala kwa kamishna msaidizi wa ardhi wa mkoa, mkiwa mmepitia mkutano wa mtaa. Mtu mmojammoja akienda na risiti yake anazungushwa.

Kwa mara hii, msianze na hela anzeni na mchoro. Urasimishaji una njia yake kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999 na Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kuna kukubaliana na wananchi, kuna mchoro wa mipango miji unaotakiwa kuidhinishwa, ndo upimaji unafuata na hati. Kampuni nyingi zinakimbilia vigingi kwa sababu vigingi vinaonekana na hela inatoka, ila bila mchoro ulioidhinishwa kigingi ni chuma tu kwenye udongo. Kwahiyo malipo yaende kwa hatua, kampuni ikileta mchoro umebandikwa ofisini wananchi wameuona wamepinga wamerekebisha ndo awamu ya kwanza, na kamati ya urasimishaji mliyoichagua isaini kila hatua.

Sasa barabara. Hapa ndo moyo wa mpango wowote wa makazi yaliyobanana na wala msikwepe. Kila mtu anataka gari la wagonjwa lifike kwake, kila mtu anataka gari la zimamoto lifike kwake, ila ukuta anataka akatwe jirani. Nimeona inavyofanikiwa ni pale watu wanapoacha kuongelea mtaa mzima kwa mara moja, wanachukua njia moja, nyumba kumi na tano au ishirini zinazoitumia, wanakaa wao peke yao na futi kamba na chokaa. Wanaweka chokaa chini upana wanaoutaka, mnasimama mnaangalia: huyu anapoteza nusu mita ya uwanja, yule anapoteza ngazi, huyu mwingine chumba kizima. Mwenye chumba kizima hilo ni jambo lingine, mnaweza mkapindisha njia kidogo, au mkakubaliana wote kumchangia ajenge upande wa pili. Mkishakubaliana andikeni hapohapo, kila mwenye nyumba na mwenza wake wasaini, mchore na kipimo. Nasema na mwenza kwa makusudi, nimeshuhudia mume amekubali mkutanoni kufika nyumbani mama anasema huo uwanja ndo nauzia maandazi, makubaliano yamekufa.

Na mlimani kwenu kuna kitu cha ziada, sio kila njia lazima ipitishe gari. Ngazi za mawe zilizojengwa vizuri zenye mtaro pembeni zinaweza kuwa na faida kuliko barabara ya gari itakayoliwa na maji msimu wa kwanza. Amueni gari linafika mpaka wapi, kutoka hapo juu ni miguu, pikipiki haziruhusiwi au zinaruhusiwa, na taka zinashushwa vipi. Maji machafu nayo yana njia zake, Vingunguti kule Dar kuna mfumo rahisi wa majitaka ambapo mabomba membamba yanapita katikati ya nyumba mpaka kwenye mabwawa, wananchi wa shirikisho la watu wa kipato cha chini wakishirikiana na shirika la Centre for Community Initiatives ndo waliousukuma. Mkiweza tumeni watu wawili wakauone wawaletee habari ya walivyoweza na walivyoshindwa.

SWALI: Salamu kutoka Nairobi. Husoma safu yako kila toleo. Hapa kwetu tuna public baraza kila wakati, chifu anakuja, watu wa kaunti wanakuja, tunapewa soda, tunaweka sahihi, tunaenda nyumbani. Nataka kujua kama kuna mtaa wa mabanda ambao kweli ulijipangia ukafaulu, na sisi tufanyeje ndio tusitumike kama sahihi tu. — Mkaazi wa Eastlands

JIBU: Salamu zimefika ndugu yangu. Mfano mkubwa uko hapohapo kwenu, Mukuru. Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la upangaji, sehemu yenye zaidi ya kaya 100,000 na ardhi ambayo sehemu kubwa ina hati za watu na makampuni binafsi. Kilichotangulia tangazo lile ni miaka ya wakazi kujihesabu wenyewe, Muungano wa Wanavijiji, yaani umoja wa wakazi wa mabanda, ambao upo tangu 1996 pamoja na vyuo na mashirika walikusanya takwimu kuonyesha mtu wa mabanda analipa maji na umeme ghali kuliko anayekaa estate. Hizo namba ndizo zilizofungua mlango, baraza zilikuwepo miaka yote na hazikuufungua.

Na ushiriki wao waliupanga vizuri, mi hii ndo sehemu naipenda sana. Hawakuita watu laki moja uwanjani. Nyumba kumi zinachagua mtu wao, hao wawakilishi kumi wanakaa kwa ajili ya nyumba mia, na kutoka hapo maoni yanapanda juu mpaka kwenye makundi ya wataalam yaliyogawanywa kwa mada, maji na usafi na umeme, nyumba na barabara na biashara, afya, elimu, mazingira, fedha, ardhi na sheria. Kwahiyo mama wa chumba kimoja anajua kabisa maoni yake amempa nani, na akitaka jibu anajua anamuuliza nani. Kwenye barabara walibishana na viwango vya kawaida kwa sababu kuvifuata vilevile kungebomoa nyumba nyingi mno.

Mafanikio yapo, kuanzia 2020 barabara za lami ziliingia, zikaja hospitali, mabomba ya maji na ya majitaka. Ila siwezi kukuficha upande wa pili, mwishoni mwa 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba kupisha barabara, katikati ya eneo hilohilo lenye mpango. Maana yake mpango unakupa hoja na unakupa mahali pa kusimama, haukupi ulinzi wa asilimia mia, na suala la nani mwenye ardhi lisipomalizwa linarudi tu.

Kuhusu sahihi na soda. Mna sheria nzuri kuliko sisi kwenye jambo hili, katiba yenu ya 2010 inalazimisha ushirikishwaji wa umma, kilichobaki ni kuitumia kwa tarehe. Kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Kwahiyo msisubiri kuitwa. Julai kaeni kwa nyumba kumikumi, Agosti mwanzoni pelekeni karatasi yenu kwa MCA, yaani mjumbe wenu wa bunge la kaunti, na ofisi ya wadi, igongwe muhuri wa kupokelewa na mbaki na nakala. Baraza ikija msiweke sahihi kwenye karatasi tupu ya mahudhurio, ombeni maoni yenu yasomwe, yaandikwe, na juu ya sahihi iandikwe mmesaini kwa ajili ya nini. Aprili ikifika chukueni makadirio mkae nayo mtafute mradi wenu kwa jina.

Kaunti ya Makueni wameenda mbele zaidi, kule watu wanaanza kupanga kuanzia kijijini, na kila mradi una kamati ya wananchi wanaoukagua, mkandarasi kulipwa inategemea kamati hiyo ikubali kwamba kazi imefanyika. Ulizeni kaunti yenu kwanini nyie msiwe na kamati kama hizo kwenye miradi ya mtaa, na kama jibu ni kwamba hakuna kanuni, basi hiyo kanuni muiombe kwa maandishi, ikae ukurasa wa kwanza wa mpango wenu kabla ya maji na kabla ya barabara.